Mwenzangu Ametangulia: Kwa Kayaki Kutoka Mbweni Hadi Chwaka

Tangu nimerudi, hakuna siku niliyoingia chumba cha walimu pale skuli yetu ya Amani nikaachiwa ninywe chai yangu ikiwa moto. Mmoja anauliza kama kweli nililala pwani peke yangu. Mwengine kasikia nimezama nikaokolewa na pomboo. Mwalimu wa hesabu, ambaye simtaji, kawaambia darasa zima kwamba nimefika Pemba. Basi nimeona niandike mara moja, mpeane wenyewe kwa wenyewe, na mimi ninywe chai.

Habari za vibali na za kwenda huku na kule kuomba ruhusa nnaziruka; zinachosha kuandika kama zilivyochosha kufanya. Mjue haya tu. Kayaki ni chombo chembamba cha plastiki, unakaa umenyoosha miguu mbele, na unavuta kasia lenye ubapa pande zote mbili. Hii yangu ni ya watu wawili. Hoteli moja ya Mbweni iliitupa ilipopasuka chini, na marehemu mume wangu, Hemed, fundi wa mafriji, hajapata kuona kitu kilichotupwa akakipita. Akaiziba, akaisugua, akaipaka rangi ya samawati iliyobaki kwenye milango yetu. Miaka mingi tukawa tunashuka Mbweni alasiri maji yakijaa, yeye mbele mimi nyuma, tukivuta makasia na kugombana nani anayekosea mapigo. Tulipanga siku moja tuizunguke kusini yote ya kisiwa, tutoke Mbweni mpaka Chwaka kwa dada yake, tukilala njiani kwenye hema.

Tulichelewa. Hemed alifariki usingizini siku chache baada ya Idi, nikakaa eda kwenye nyumba yetu ya Mkunazini, ghorofa ya juu, nikitazama paa za watu. Eda ilipokwisha nikangoja upepo wa kusi ulale. Mvua za vuli zikaanza kunukia, upepo ukawa haujui uvume wapi. Mabaharia majira hayo wanayaita tanga mbili, na bahari inakuwa na subira kidogo. Nikasema nnakwenda.

Binti yangu Rayyan, ambaye ana nyumba yake, alilia, kisha akaninunulia betri ya kuchajia simu na kunilisha yamini nimpigie kila magharibi. Wifi yangu Bi Mgeni, dada mkubwa wa Hemed, yeye hakulia. Alinambia kwenye simu kutoka Chwaka, "Asya, mjane katoka eda juzi, leo anakwenda kuchezea bahari? Watu watasemaje?"

"Watasema nnakuja kwako, wifi."

Akakata simu.

Mbweni hadi Kwale

Nilishuka Mbweni asubuhi maji yakianza kutoka. Kayaki ya watu wawili ikipandwa na mmoja, pua inanyanyuka na upepo unaichezea, kwa hiyo kiti cha mbele lazima kipakiwe kitu kizito. Mimi na Rayyan tukaweka hema, sufuria, madumu ya maji, mchele, tende na bati la visheti. Jaketi la kuelea la Hemed, la rangi ya chungwa, nikalifunga kwenye egemeo la kiti kile, maana sikuwa na moyo wa kuliacha nyumbani. Kasia lake nikalilaza ubavuni liwe la akiba. Nnayaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyozua kila kitu kilichonifika baadaye.

Na nguo pia mniulize, najua mnataka. Suruali pana, kanzu fupi, ushungi umefungwa nyuma ya shingo, na kofia ya ukindu juu yake. Rayyan alinitazama akasema, "Mama, umekuwa kama mwizi wa embe." Tukaagana tukicheka, jambo ambalo sikulitarajia.

Chukwani nilipita vizuri. Mbele ya Fumba mikono ilianza kulalamika, na nilipolipita ras, ile ncha ya nchi iliyojitokeza baharini, na kuingia Ghuba ya Menai sikuwa tena nikiendesha chombo, nilikuwa nakiomba. Nilifika kisiwa cha Kwale wakati boti za watalii zinawapakia watu wao kurudi. Mpishi wa boti moja akaja mbio na sinia mkononi, ananisemesha Kiingereza, na nilipochelewa kujibu akahamia Kitaliano.

"Mwanangu," nikamwambia, "kwanza nipe salamu yangu."

Sinia karibu imwanguke. "Shikamoo mama! Nisamehe, nilidhani Mtaliano."

"Mtaliano mwenye ushungi?"

"Mama, siku hizi wanavaa kila kitu."

Kwa aibu yake akaniachia pweza wa kuchoma, viazi, na chungwa lililokwisha kumenywa. Boti zikaondoka na kelele zao. Nikasimamisha hema, nikampigia Rayyan, nikala pweza yule mpaka kipande cha mwisho. Nilikuwa nimejitayarisha kulia usiku ule wa kwanza. Sikuweza. Nililala kama gunia, kaa wakitembea juu ya sufuria yangu.

Kwale hadi Uzi

Kesho yake bahari ilikuwa imetulia. Katikati ya ghuba nikamkuta mvuvi kwenye ngalawa anavuta madema yake ya kutegea samaki, mtu mnene wa makamo, kajifunga shuka ya kijani. Akanisalimia kwa mbali, nikamjibu. Tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti, maana mkondo ulikuwa unatutenganisha.

"Chombo cha watu wawili hicho?"

"Naam, cha wawili."

Akalitazama jaketi la chungwa, akalitazama kasia lililolala. "Na mwenzio yuko wapi?"

Sasa fikirini. Tangu msiba sikuwahi kulitamka lile neno lenyewe. Waliokuja kunipa mkono wa pole walikuwa washajua. Hakuna hata mmoja aliyehitaji nimwambie. Na huyu mtu simjui, na maji yanampeleka huko. Nikasema kama wasemavyo watu wa adabu:

"Mwenzangu ametangulia."

"Aa! Haya, Mungu atawakutanisha."

"Amin," nikasema, na dua ile ikaniingia kweli.

"Mkifika Uzi muulize kwa Makame wa madema! Mke wangu yupo, mtakula!"

Alisema mkifika, alisema mtakula. Nilidhani ananiheshimu.

Uzi nilifika maji yamejaa, nikapenya kwenye mlango wa mikoko mpaka karibu na nyumba. Mke wa Makame, Bi Patima, alinipokea kama mtu aliyekuwa akiningoja, na kumbe kweli alikuwa akiningoja. Mumewe alikwisha rudi na habari. Alinichotea maji ya kuoga, akanipa kanga kavu, akanikalisha jikoni kwenye mbuzi wa nazi nimkunie, na hapo nikajisikia nyumbani. Alikuwa anapika mchuzi wa changu.

"Bwana anapenda pilipili?" akauliza.

Nyie hamjui jinsi swali lile lilivyonifurahisha. Mjini, tangu eda, watu walikuwa wameacha kumtaja Hemed mbele yangu wasije wakaniumiza. Wakifika kwenye jina lake wanalikwepa. Na huyu mwanamke wa Uzi ananiuliza habari ya pilipili!

"Hemed? Hali kitu bila pilipili. Hata uji."

"Na ana tabia ya kuchelewa?"

"Maisha yake yote kachelewa. Mara hii tu ndiyo kaniwahi."

"Basi atakuwa anakungoja."

"Inshallah, Bi Patima."

Tukaendelea hivyo mpaka usiku ukaingia, mimi nnamsifu Hemed, yeye anacheka. Makame alikula nje na jirani zake. Sisi tulikula ndani, na nikaona Bi Patima kapakua sahani nyingine, kaifunika kwa kawa, kaiweka juu ya kabati. Nikadhani ana mtoto anayerudi usiku. Sikuuliza, si desturi kuuliza sahani za watu. Nilikataa kitanda chao, nikasimamisha hema uani, na Bi Patima akaja kuchungulia ndani na tochi, akacheka mpaka akakaa chini.

Uzi hadi Kizimkazi

Asubuhi Makame alinishindikiza mpaka majini. Uso wake haukuwa na furaha. Alitazama mawingu ya kusini, akasema, "Ntampigia shemeji yangu Machano huko Kizimkazi, awe macho."

"Ahsante sana," nikasema, nikampa namba yangu ya simu. Nilifikiri awe macho na mimi.

Mvua ilinikuta njiani. Si manyunyu, ni mvua ile ya vuli inayokuja na ukuta wake, ukaiona inakata bahari nusu kwa nusu. Nikakimbilia kijifungu cha mchanga kilichokuwa chini ya majabali, nikaivuta kayaki juu, nikajifunika turubai, nikakaa. Mvua haikuisha. Ilikuwa inapungua kidogo kunitia tamaa, nikiinuka inarudi. Nilikula tende, nikala visheti, nikasali, nikalala nimekaa. Simu ilikuwa imezimwa ndani ya mfuko usioingia maji, kutunza chaji ya magharibi. Laiti ningeiwasha.

Ilipofika alasiri mvua ikakatika, nikashuka majini, nikavuta kasia kwa haraka ya mtu aliyechelewa harusi. Nilipoingia hori la Kizimkazi nikaona watu wamejaa pwani, wanawake kwa wanaume. Nikasema moyoni, leo kuna mnada wa samaki. Kumbe walikuwa wananitazama mimi. Wanawake wawili wakaingia majini mpaka magotini, wakanishika mikono kabla sijashuka.

"Usilie bibi, usilie," mmoja akasema, naye mwenyewe analia. "Watamuona."

"Watamuona nani?"

"Mumeo. Boti mbili zimetoka tangu adhuhuri. Machano mwenyewe katoka."

Nilikaa kwenye mchanga. Kila kitu kikanijia pamoja: mkifika, mtakula, bwana anapenda pilipili, ile sahani juu ya kabati. Makame alipiga simu Kizimkazi kuuliza kama mume wa yule bibi wa kayaki kashafika, maana alitangulia. Hakuna aliyemuona. Mvua ikapiga. Makame akapiga tena, na mara hii akatoa na jina, aliloambiwa na mkewe: Hemed. Basi watu ambao hawajapata kuniona hata siku moja wakaziingiza boti zao kwenye bahari ile chafu.

Ilibidi niseme. Nikafungua mdomo, na lile neno nililokuwa nimelizunguka miezi yote likatoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Mume wangu amekufa!"

Lo! Ningejua. Pwani nzima ilipiga ukelele. Mwanamke aliyenishika mkono aliuachia akajipiga kifua. Mtu mmoja akaanza kukimbilia msikitini kutangaza.

"Si leo!" nikapiga kelele juu ya kelele zao. "Si leo jamani! Kafa zamani! Kazikwa Mwanakwerekwe!"

Wakanyamaza. Bibi mmoja mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanisogelea akanitazama vizuri.

"Sasa alotangulia nani?"

"Yeye, bibi. Mbele ya haki."

Nikaona mdomo wake unacheza, na sikujua kama atalia au atacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Lakini kabla hajaamua, mtu mwengine akasema kwa sauti ndogo, "Na Machano yumo baharini anamtafuta." Hakuna aliyecheka.

Boti ya kwanza ilirudi upesi, maji ndani yakiwafika kisiginoni. Ya Machano haikurudi. Simu yake haikuita. Nilisimama na wanawake wale kando ya maji, na mkewe Machano alikuwa miongoni mwao. Walinionesha, nikaenda kusimama karibu naye. Mie nshajua kusubiri mtu asiyeamka kulivyo, na sikutaka mwanamke mwengine alijue hilo kwa sababu yangu. Mara moja tu alinigeukia. Akasema, "Nguo zako mbichi," akanifunika upande wa kanga yake. Tukasimama hivyo, wawili katika kanga moja, mpaka jua likawa linashuka.

Mwisho tukaisikia mashine kabla hatujaiona boti. Machano aliruka majini, mtu mwembamba, fulana imemganda mwilini, sauti imemkauka. Wanawake wote wakamweleza kwa pamoja, hivyo hakuelewa kitu. Nikamwendea mwenyewe. Nikamwambia yote, pole pole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la pili, nikamwomba radhi.

Akavua kofia yake akaikamua maji.

"Nimeita Hemed, Hemed, mpaka koo limekauka," akasema. "Tumeita huku tunazima mashine tusikilize. Tumemwita mpaka nje kule kwenye mkondo."

Hapo ndipo nililia. Mkewe alidhani mumewe kanikemea, akamkaripia. Lakini sikuwa nalia kwa hilo. Mjini watu wanaonipenda walikuwa wameliweka jina lake mbali na mimi. Na hawa, wasionijua, wameshinda wanalipigia ukelele baharini, wanazima mashine, wanasikiliza kama ataitika.

Machano akakohoa. "Basi si bure," akasema. "Wakati tunageuza, mshipi uliokuwa unaburutwa nyuma umekamata." Wenziwe wakainua kutoka ndani ya boti nguru, mrefu kama mkono na bega. "Leteni kisu. Huyu ni wa hitma yake."

Baada ya magharibi walimsomea Hemed Yasini pale barazani kwa Machano, wanaume nje na sisi ndani, na baada ya dua tukala wali na nguru wa kupaka. Yule bibi wa miwani alikaa karibu yangu, akawa kila baada ya tonge mbili anasema peke yake, "Ametangulia!" na mabega yanamtikisika. Nikampigia Rayyan, aliyekuwa kashaanza kutafuta gari aje. Kisha Makame akapiga. Nikamweleza yote. Bi Patima akamnyang'anya simu.

"Asya! Kwa hivyo ile sahani niliyomwekea..."

"Nisamehe, Bi Patima."

"Asubuhi nimempa paka! Sahani ya marehemu nimempa paka!"

Tukalia sote wawili, yeye Uzi mimi Kizimkazi, na mpaka leo sijui katika kilio kile kicheko kilikuwa kiasi gani.

Kulipita ras

Kona ya kusini ya kisiwa ndiyo niliyokuwa nikiiogopa tangu nyumbani. Huko hakuna mwamba wa kuzuia mawimbi. Yanakuja yameshikana mikono kutoka mbali, yanapiga majabali, yanarudi kukugonga upande wa pili. Machano alinilazimisha nipumzike siku nzima mpaka bahari ikae sawa, na siku ya pili asubuhi akashuka pwani na mimi.

"Ntakutangulia mpaka ras," akasema, kisha akajisikia mwenyewe. Akashika kiuno akacheka, na mimi nikacheka, na watu wote waliokuwa pale.

Alikwenda mbele na boti yake pole pole, mashine ikiguna, ananionesha kwa mkono pa kupita. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilisoma kila dua ninayoijua, na zilipokwisha nikasoma jedwali la kuzidisha. Wimbi moja lilinilaza ubavu mpaka nikaona kijani juu ya kichwa changu. Nikapiga kasia chini kama nnavyojua, chombo kikainuka, na mie ndani yake. Machano aligeuka tu akanitazama, akageuka mbele. Upande wa pili maji yalibadilika rangi ghafla, yakawa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na tukawa upande wa ndani wa mwamba. Akazungusha boti.

"Waambie Chwaka umeletwa na mtu wa Kizimkazi," akasema kwa sauti yake iliyokauka, akaondoka.

Makunduchi nilipandisha kayaki pwani. Wanawake waliokuwa wanachambua dagaa walisemezana kwa Kikae, lahaja yao, na mimi nikifahamu neno moja katika matatu, lakini nilifahamu walipoweka mbele yangu mhogo wa nazi. Nilikula vyungu viwili. Hakuna aliyeniuliza kitu mpaka nilipomaliza.

Makunduchi hadi Michamvi

Pwani ya mashariki ina adabu zake. Maji yakijaa unakwenda kama unateleza kwenye kioo; yakipwa yanaondoka yote, yanakimbilia mwambani, yanakuacha kwenye uwanja wa mchanga na madimbwi. Kitabu cha majira ya maji nilikuwa nacho. Nilikisoma vibaya. Mbele ya Jambiani nikasikia tumbo la kayaki linakwaruza, na baada ya muda mfupi nilikuwa nimekaa kwenye chombo changu juu ya nchi kavu, nimeshika kasia, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Wakaja wanawake wa mwani na magunia yao kichwani. Walinizunguka. Mmoja akaitazama kayaki, akalitazama jaketi la chungwa, akauliza, "Weye ndiye mke wa marehemu?"

Habari ilikuwa ishafika. Machano kampigia mtu, mtu kampigia mtu.

"Ndiye mimi," nikasema. "Mume wangu Hemed amekufa." Nikalisema wazi.

"Mungu amrehemu. Na wewe simama basi, utatuvunjia mgongo."

Waliishika kayaki pande zote, magunia ya mwani wakayapakia juu yake pamoja na hema langu, tukaivuta na kuinyanyua mpaka ufukweni, tukipumzika kwenye kila dimbwi. Njia nzima waliniuliza habari za Hemed: alikuwa mweupe au mweusi, alikuwa mkali, aliacha watoto wangapi, nani kamwosha. Walitaka kujua kila kitu na nikawaambia kila kitu. Nililala kwa mmoja wao, harufu ya mwani imejaa nyumba, na siku iliyofuata nikangoja maji yajae kwa heshima zote. Paje nikaipita mbali, kule vijana wanaburutwa na vishada juu ya maji. Mmoja alinipita kwa kasi akanipigia saluti. Bwejuu nikanunua mkate. Michamvi nikasimamisha hema kwa mara ya mwisho, mvua ikanyesha, na hema ambalo Hemed alinihakikishia halivuji likavuja.

Michamvi hadi Chwaka

Ghuba ya Chwaka niliivuka asubuhi, nyuma yangu mwamba unanguruma, mbele yangu mstari wa mikoko na paa za mabati. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kumwambia wifi. Bi Mgeni si mtu wa kuendewa bila maneno.

Alikuwa amesimama ndani ya maji, mtu wa umri ule, kanga imelowa mpaka kiunoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Hitma ya ndugu yangu inasomwa Kizimkazi, mie nnasikia kwa watu?"

Maneno yangu yote yakapotea. Nikasema, "Sikuipanga, wifi."

"Najua hukuipanga. Hemed mwenyewe hajapata kupanga kitu." Akaikamata pua ya kayaki akaivuta. "Shuka. Mikono hiyo imekuwaje?"

Viganja vyangu vilikuwa vimechunika. Alinikalisha ukumbini, akaleta mafuta ya nazi, akaanza kunisugua kidole kimoja kimoja, si kwa upole sana. Alipofika mkono wa pili akaniuliza jambo ambalo siku ya msiba, kwa wingi wa watu, hakupata nafasi ya kuliuliza.

"Siku ile ya mwisho. Alikuwaje?"

Nikamwambia. Kwamba alitengeneza friji ya jirani wa chini mpaka alasiri, akapanda ngazi anaimba. Kwamba alikula, akalalamika chumvi. Kwamba kabla ya kulala alisema, "Asya, kesho niamshe mapema, maji yanajaa alfajiri," na akageukia ukuta.

Bi Mgeni alisimamisha mikono. "Hemed? Aamke mapema?"

"Ndivyo alivyosema."

Akaanza kucheka. Alicheka kicheko cha mdogo wake hasa, kile cha kukatika pumzi, mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye mafuta, ukamwasha, akawa analia na kucheka na kunitukana mimi. Kisha akanishika viganja vyangu viwili akavifunga ndani ya vyake, akakaa navyo hivyo, bila kusugua tena.

Rayyan alikuja baada ya sala ya adhuhuri na pikapu ya kukodi. Alinikumbatia, akaninusa, akasema nnanuka dagaa. Dereva akaifunga kayaki nyuma kwa kamba, nikapanda mbele, nikamwita wifi nimuage. Akatoka ndani kafunga mlango kwa kufuli, baibui mwilini, begi mkononi, na kuku amemfunga miguu. Kuku akamrushia Rayyan kule nyuma. Yeye akafungua mlango wangu.

"Sogea."

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Mjini."

"Kufanya nini?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye mwanafunzi.

"Eda ulikaa na watu wamejaa nyumba. Washaondoka wote. Leo unataka uifungue ile nyumba na nani?"

Nikasogea.